Mwezi wa Kumzika Kaingu

Walinzi wawili wa hoteli walifika uani kwa Sidi kumwomba apunguze kulia, kwa sababu wageni walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi.

Hawakukosa adabu. Walivua kofia, wakasema pole, mmoja akataja jina la Mungu. Kisha akaonyesha ua wa michongoma na vijumba vyeupe vya makuti vilivyojipanga upande wa pili, vimeelekea baharini. "Sauti inafika mpaka mezani, mama," alisema. "Kuna mzungu ameuliza kama kuna mtu anapigwa."

Jirani waliokuwa wakilia na Sidi wakanyamaza mmoja mmoja. Yeye akaendelea peke yake kidogo, kisha akajiona mpumbavu, akaziba mdomo kwa kanga.

Kaingu, mumewe, alikuwa amekufa jana yake alasiri, ndani ya hoteli hiyo hiyo. Alikuwa mgema. Kila mwaka, Krismasi ikikaribia, hoteli ilimwita apande minazi yake yote aangue nazi, dafu na kavu, zisije zikamwangukia mgeni aliyelala juani. Nazi ikimpasua mgeni ni habari mbaya, dunia nzima husikia. Kaingu alimaliza minazi ya bwawani, akaupanda ule mrefu ulio karibu na baa, na huko juu akakanyaga kidato kilichooza. Nazi zote zilikuwa zimekwisha kushuka, na yeye akafuata. Walimfunika kwa taulo la bwawani, taulo zuri la buluu, na jioni wakatuma mtu kulidai.

Mchana Hesbon akaja. Huyu alikuwa mtoto wa hapo hapo Matsangoni, na hoteli ilikuwa imemwajiri awe afisa wa ujirani mwema. Alileta sukari, unga na majani ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole sana. Kaingu alikuwa kama baba kwangu."

"Twamzika Ijumaa," Sidi alisema. "Hapa, kando ya babake."

Makaburi ya ukoo yalikuwa nyuma ya nyumba, karibu kabisa na ule ua wa michongoma. Hesbon aliyatazama kana kwamba ndiyo kwanza ayaone. Akakaa kwenye kigoda ambacho hakuna aliyemkaribisha.

"Na ngoma je?"

Mangi, mdogo wake Kaingu, akaguna. "Ngoma je, vipi? Hili ni hanga, matanga ya mtu mzima, Hesbon. Kwani babako mlimzika kimya kama kuku? Watu watakesha, watacheza, watalia mpaka wachoke."

"Ndugu yangu, huu ni Desemba. Hoteli imejaa mpaka kitanda cha mwisho. Watu wamekimbia baridi yao huko, wamekuja kusikiliza bahari. Wakisikia maiti wataondoka."

"Maiti hasemi," Sidi alisema.

Hesbon akajifanya hakusikia. Bosi, alieleza, ni mtu mzuri, hakuwakataza kuzika. Anaomba tu wangoje kidogo. Hoteli italipia mochari, jeneza, gari, hata mbuzi wa matanga. Wageni wakishaondoka, wapige ngoma mpaka ngozi zitoboke, hakuna atakayewauliza.

"Wanaondoka lini?"

Hesbon akamgeukia Bridgit, binti pekee wa Sidi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake, shati jeupe lenye nembo ya samaki kifuani. Kazi ya Bridgit ilikuwa mapokezi, kushika simu na kuwajibu watu wa ng'ambo waliotaka kujua waje lini. Mkataba wake ulikuwa wa msimu kwa msimu.

"Mwambie mama," Hesbon alisema kwa upole. "Wakikuuliza mwezi gani mzuri, unawajibuje?"

"Hesbon, tafadhali."

"Mwambie tu."

Bridgit akatazama kucha zake. Sauti iliyomtoka haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ile ya simu, laini, ya mtu anayetabasamu. "Desemba hadi Machi ni kaskazi. Jua la kutosha, bahari imetulia, maji ni maangavu. Pasaka tunapokea familia. Julai hadi Oktoba pana ubaridi mzuri, na nyangumi hupita. Novemba vuli ni manyunyu tu."

"Na Mei?"

"Mei hatuwashauri. Ni masika. Mvua haikatiki, bahari inachafuka, mwani unajaa ufukweni."

"Basi!" Hesbon akajipiga paja. "Mei."

"Nikamzike mume wangu kwenye tope?"

"Ndiyo maana hakuna wageni, mama."

Kisha akasema, akilitazama lile shati la Bridgit wala si uso wake, kwamba mikataba mipya iko mezani kwa bosi wiki hiyo. Na Mangi naye, mtu mwenye mkono wa ngoma kama ule, huenda akapatiwa kitu. Mangi alikuwa amefungua mdomo kumjibu. Akaufunga. Sidi alimwona shemeji yake akifunga mdomo, akajua amebaki peke yake.

"Nikingoja," alisema, "nitalia nitakavyo?"

"Utalia mpaka Kilifi wakusikie."

"Na ngoma?"

"Zote."

Sidi akakubali, na Kaingu akatolewa ndani akapelekwa mochari. Alikuwa hajapata kuona mtu mzima akiahidi mbele ya maiti kisha akageuka, na hakudhani Hesbon angekuwa wa kwanza.

Kwa watu wake, mke ambaye mumewe hajazikwa hana mahali. Si mjane bado, wala si mke tena. Halali kitandani, hashiki jembe, haendi kuuza mihogo barabarani. Wanawake wa ukoo walikuja kumkumbusha mambo hayo, wakala ule unga wa Hesbon, wakaenda zao. Sidi akalala chini Desemba, akalala chini Januari. Kilio kilikaa kooni. Mara nyingine kilimponyoka akichota maji, naye akauma kanga upesi na kutazama ua wa michongoma kama mwizi.

Huko upande wa pili hapakuwa na kimya hata kidogo. Palikuwa na muziki wa bwawani asubuhi, na vicheko, na wazee weupe wakiitana majina. Na kila Ijumaa jioni palikuwa na utamaduni.

Ijumaa ya kwanza Sidi alikuwa anapepeta mchele aliposikia ngoma. Mikono ikasimama. Aliijua ngoma ile, na mkono ule pia aliujua. Akaenda mpaka kwenye michongoma, akaitenga kwa vidole, miiba ikamchana. Mangi alikuwa katikati ya taa, amefungwa kitambaa chenye madoa ya chui, vazi ambalo marehemu babake hakulijua maishani mwake. Nyuma yake wanawake wanne wa kukodi waliimba. Waliimba kifudu, wimbo wa kumsindikiza mtu mzima aliyekufa, na waliuimba vizuri, kwa machozi ya sauti kama inavyotakiwa. Mama mmoja wa kizungu aliinuka na glasi mkononi, akazungusha nyonga. Wimbo ulipokwisha watu wakapiga makofi.

Asubuhi Mangi alimletea sahani ya mabaki ya hoteli, wali na vipande vya kamba.

"Mulamu," Sidi akamwambia shemeji yake, "ule wimbo ni wa hanga."

"Wanaupenda. Una nguvu."

"Ni wa nduguyo."

"Ndugu yangu hajazikwa." Mangi alisema hivyo akitazama chini. "Nikimpigia yeye nafukuzwa. Nikiwapigia wao nalipwa. Wewe ungefanyaje, Sidi? Hebu niambie."

Sidi akaivuta sahani. Akala ule wali, kwa sababu alikuwa na njaa, na ulikuwa mtamu, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Masika ikaingia kwa fujo. Wenzake wakapanda mahindi, shamba lake likaota magugu marefu hata mbuzi wakapotelea humo. Sidi hakujali sana. Mei ilikuwa imefika. Alikwisha kuwaambia wapiga ngoma wa Matsangoni, alikwisha kuwaambia mashangazi, alikwisha kuosha kanga nyeusi akaianika ndani kwa ajili ya mvua. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba alikuwa na hamu ya jambo. Alitaka kulia.

Hesbon akaja na mwavuli mkubwa wa hoteli, na mwingine kama huo mkononi, zawadi.

"Mama, kuna neno dogo."

"Sema."

"Msimu umebadilika."

Sidi akaitazama mvua iliyokuwa ikimwagika kutoka kwenye makuti. "Umebadilikaje? Si hii mvua?"

"Wageni siku hizi wanatafuta rahisi, mama. Hoteli imekata bei nusu. Bosi ameuita msimu wa kijani. Vyumba vingi vina watu." Akakohoa. "Bridgit hakukwambia?"

Bridgit alikuwa jikoni, mgongo kaupa mlango. Sidi akamwita, naye akaja akijifuta mikono isiyo na maji.

"Wakikuuliza Mei, siku hizi unawajibuje?"

"Mayo…"

"Nijibu kama unavyowajibu wao."

Na ile sauti laini ikatoka tena. "Mvua ni fupi na ya kupendeza. Nchi yote ni kijani. Hakuna msongamano. Ni wakati bora kabisa kwa wapenda utulivu."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari. Niliambiwa niseme hivyo."

Sidi akamgeukia Hesbon. "Basi nitangoja waondoke na hawa."

"Mochari hawangoji tena. Hoteli imesimamisha malipo, na wenyewe wamesema mwisho ni Jumamosi. Baada ya hapo atatiwa shimo moja na wale wasio na wenyewe." Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Jumamosi saa nane, wageni wakiwa wamepumzika. Watu wachache. Bila ngoma. Na kilio, mama, kiwe cha ndani."

"Uliniahidi, Hesbon. Ulikaa hapo hapo."

"Niliahidi kwa msimu ule. Huu ni mwingine."

"Nitalia! Njooni mnifunge na kamba!"

Hesbon hakugombana naye. Alitazama lile shati jeupe lenye nembo ya samaki, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mayo, tafadhali," Bridgit alisema. Na kwa kuwa katika nyumba ile hakuna mwingine aliyeleta hata chumvi, mambo yakaishia hapo.

Jumamosi Bridgit hakupata ruhusa, kulikuwa na basi la wageni kutoka uwanja wa ndege. Mangi naye hakupata. Walikuja wanaume watano, Kalama jirani ndiye mkubwa wao, na Sidi, na mashangazi wawili wenye vilemba vilivyolowa. Hesbon alisimama pembeni chini ya mwavuli wake.

Kaburi lilikuwa limechimbwa asubuhi. Kufikia saa nane lilikuwa kisima. Walichota kwa ndoo, na maji yakarudi kutoka chini, kutoka kando, yenye rangi ya chai ya maziwa. Mwisho Kalama akasema hakuna budi, wakateremsha jeneza kwa kamba. Lilikuwa jeneza la hoteli, la mbao laini, na Kaingu ndani yake alikuwa amekwisha kupungua. Likazama kidogo, likageuka ubavu, likaelea.

Walilisukuma kwa majembe. Likaenda chini upande huu, likainuka upande ule.

"Linataka uzito," Kalama alisema. Kando ya michongoma palikuwa na rundo la mawe ya matumbawe, marefu na mazito, ya ukuta ambao hoteli ilitaka kujenga mahali pa ua. "Hesbon, tupe mawe mawili matatu. Tutayarudisha kwa mengine."

"Yale yamehesabiwa."

"Hesbon!"

"Kalama, mimi nimeajiriwa tu. Na fanyeni upesi, wageni wanaamka saa tisa."

Mmoja wa vijana akasema labda mtu asimame juu, jeneza likae chini huku wengine wakitupa mchanga. Wanaume wakatazamana. Kalama akarudi nyuma. "Mimi Kaingu simkanyagi," alisema. "Nimekunywa tembo lake miaka yote. Siwezi."

Sidi akavua ndala zake, akaziweka pamoja ukingoni. Akakunja kanga nyeusi, akaketi kwenye tope, akajishusha. Maji yalikuwa baridi, yalimfika mapajani. Aliweka mguu mmoja juu ya kifuniko, kisha wa pili, akashika ukingo wa kaburi kwa mikono yote. Jeneza likashuka, likagusa chini, na alilisikia kwenye nyayo likimsukuma juu, taratibu, bila kuchoka.

"Usishuke, mama," Kalama alisema. "Ukishuka anapanda. Tupeni nyinyi! Tupeni!"

Tope likaanza kuanguka kando ya miguu yake.

Ndipo ngoma ikalia upande wa pili. Kwa ajili ya mvua wageni hawakwenda ufukweni, na hoteli ilikuwa imeleta utamaduni mapema, ndani ya mkahawa. Sidi aliujua mkono ule. Wanawake wanne wakaingia na wimbo, ule ule, na machozi yote ya sauti yakamwagika juu ya michongoma na juu ya kaburi. Mashangazi wakashika midomo. Miguu ya Sidi ikaanza kufuata, kulia, kushoto, kulia, kisigino kikigonga mbao chini ya maji. Jeneza likatulia. Akacheza hivyo, kichwa kimeinama, mdomo umefunguka wazi wala hautoi kitu, huku wanaume wakimmwagia tope magotini.

Hesbon alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, bosi," alisema. "La, hakuna kelele. Wametulia."

Wimbo ukafika mwisho. Makofi yakapigwa huko mkahawani, na mtu akapiga mbinja akitaka warudie. Sidi akasimama, maji na tope yamemfika kiunoni sasa, akasikia mbao zikimwinua tena.