Mbio za Tension

Josaphat alipopiga filimbi Jumamosi ile asubuhi, Mama Madeleine alikuwa tayari mlangoni pangu, kitenge amekifunga juu ya suruali ya mume wake, macho mekundu. Hakuwa amelala. Avenue nzima ilijua sababu, maana kwetu Bunia siri ya mtu inafika sokoni mbele ya mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Mutuelle yetu ya afya, ile tunayochangia sisi wauzaji wa soko, ilianza kwa kutuambia tutembee. Kila Jumamosi, pamoja, polepole, midomo ikisengenya kwa kasi kuliko miguu inavyokwenda. Nani angekataa? Madeleine, muuza samaki wa chumvi wa Tchomia, alikuwa na tension, presha ya damu, ya kutisha, na kweli ikashuka. Akapata usingizi, maumivu ya magoti yakamwacha. Basi wakubwa wa mutuelle wakaona ni vizuri, wakataka vizuri zaidi. Wakasema kutembea hakutoshi. Mwenye kufika centre de santé, kituo chetu cha afya, akikimbia pamoja na kundi, vidonge vyake vya tension vitalipwa mwaka mzima. Asiyefika, ajinunulie.

Jumamosi ile ilikuwa mara ya mwisho ya kujaribu, na Madeleine alikuwa bado hajafika hata mara moja. Mwaka mmoja kabla ya mutuelle, alipokuwa akijinunulia, alikata kila kidonge nusu ili vidumu. Asubuhi moja mdomo wake ukapinda upande, na watoto wakamlilia angali hai.

"Leo nafika, Mama Elodie," akaniambia. "Hata kwa kutambaa."

"Kutambaa hawakubali, yaya, dada yangu. Wamesema kukimbia."

"Basi weye utanisukuma."

Tukaanza. Njia yetu ya kawaida ilikuwa imefungwa na lori lililokwama kwenye matope, kwa hiyo Josaphat, kijana wa mutuelle mwenye survêtement mpya, suti ya michezo, akatupitisha mtaa wa Mudzipela. Upande wa kwetu wanatujua, wanatutania: "Bamama, mafuta inabakia nyuma!" Upande ule hakuna aliyewahi kutuona. Na amani yetu baada ya vita mnaijua: imekaa kwenye kiti bila kuegemea.

Mwanamke mmoja alikuwa anafagia mbele ya mlango. Akainua kichwa, akaona kundi la watu wazima linamjia mbio asubuhi, hakuna anayecheka, wote wanahema. Ufagio ukaanguka. Akamnyakua mtoto, mlango ukapigwa kwa nguvu. Mlango wa pili. Wa tatu. Mtu akapiga kelele nyuma ya nyumba, "Wamefika!"

Halafu vichochoro vikamwaga watu. Wengine mbele yetu, wengine nyuma yetu, godoro kichwani, sufuria ya moto mkononi na uji ndani yake. Nikageuka nikawaona.

"Kuko nini?" nikamuuliza mmoja aliyekuwa anatupita.

"Sijue! Banakimbia!"

Kama wanakimbia, nani wa kubaki aulize? Nasi tukakimbia, safari hii kweli. Ile ya mutuelle ilikuwa mchezo. Josaphat akatupita wote, filimbi ingali mdomoni, inalia yenyewe kwa kila pumzi. Kiatu chake kimoja kikabaki kwenye tope, hakukiangalia. Mimi nilikuwa nimemshika Madeleine mkono, nasikia moyo wake mpaka kwenye vidole vyangu.

Mkono ule ukaniponyoka. Alikuwa amekaa chini, katikati ya barabara, miguu mbele kama yuko kwenye meza yake ya samaki. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Inuka, yaya! Inuka, ninakuomba!"

"Nimekimbia vita ya kwanza na mimba. Nimekimbia ya pili na mama yangu mgongoni. Hii, banikute nimekaa."

Watu wakatupita kushoto na kulia. Mwanamke mwenye godoro akasimama. Hakuwa amewahi kumwona mtu anayekaa mbele ya vita.

"Mama, bako wapi?"

"Banani?" Madeleine akahema.

"Bale benye mulikuwa munakimbia!"

"Hatukukimbia mutu. Tulikuwa tunafanya sport."

"Sport?"

"Ya mutuelle," nikasema mimi. "Ya kushusha tension."

Godoro likatua chini polepole. Waliokuwa nyuma yake wakasimama pia, na yule mwenye uji. Nilifikiri watacheka. Mwanamke akaninyooshea kidole.

"Munatukimbiza juu ya tension yenu? Na tension yetu siye, nani atalipa?"

Nikamshika Madeleine bega nimwinue. Mwanamke alipomwona hawezi kusimama, akatukana tena, kisha akashika bega la pili. Tukaenda hivyo, hatua kwa hatua, yeye akinisema njia nzima.

Kwenye centre de santé, nesi Emerance alimfunga Madeleine kifaa cha kupimia tension mkononi, akakipuliza, akakipuliza tena. Akaita daktari. Wakampa kidonge, wakamlaza. Emerance akatoka akatuambia bila kupaza sauti: "Huyu akikimbia tena, mutamuleta ndani ya sanduku. Kutembea, ndiyo. Kukimbia, hapana."

Ndipo Josaphat akashuka kwenye pikipiki, ametokea upande wa airport alikokimbilia, mguu mmoja na soksi ya tope.

"Alifika akikimbia?" akauliza, bila kutuangalia. "Juu ya vidonge. Ni masharti."

"Alifika amebebwa," Emerance akasema. "Na hayo masharti ndiyo yamemubebesha. Waambie."

"Mimi ni mutumishi tu, nesi."

"Piga simu. Hapa, siye wote tusikie."

Akapiga. Sauti ya mkubwa wake ikatoka kwenye simu, kavu: "Huyo mama wa samaki, alikimbia ao hakukimbia?"

Mlango ulikuwa wazi. Madeleine alikuwa anatuangalia kutoka kitandani, kiganja kwenye kifua. Mwanamke wa Mudzipela alikuwa amekunja mikono. Josaphat akautazama mguu wake.

"Alikimbia, chef," akasema. "Leo tulikimbia wote."

"Basi andika ndiyo. Na Jumamosi ijayo muongeze mwendo."

Josaphat akazima simu. Emerance alikuwa amesharudi ndani, anafunga kifaa upya kwenye mkono wa Madeleine, maana tension haikuwa imeshuka.