Kisanduku Kimoja

Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nililima mwaka mzima, nikingoja watoto wa kaka yangu wapatane.

Ugomvi wenyewe? Memori ya kompyuta! Haki ya Mungu. Walifanya kazi ofisi moja, wakiandika programu za mashine zenye prosesa nyingi ndani, yaani bongo za kompyuta, ambazo baadhi ya kazi lazima zizishike kwa zamu. Mdogo alisema kila prosesa iwe na kisanduku chake kwenye memori, iandike humo "nipo" inaposhika zamu. Mkubwa akasema huo ni ubadhirifu, kisanduku kimoja kinazitosha zote. Bosi akamsifu mkubwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wakaacha hata kusalimiana.

Mara baba yao akaugua kifua. Hakuweza kuachwa peke yake, maana kikohozi kikimshika lazima ainuliwe, la sivyo anapaliwa. Wakamuuguza kwa zamu bila kusemezana. Mkubwa akatengeneza programu ya simu na, kwa ukaidi wake, akaweka kisanduku kimoja: anayefika anaandika "nipo", simu ya mwenzake inalia, na huyo mwenzake anaondoka. Kisanduku hakikutaja jina la aliyeandika.

"Si mpigiane tu, jamani?" niliwauliza.

"Shangazi, mwambie yeye aanze," mdogo akanijibu.

Siku moja mdogo alikuwa ndani, "nipo" yake ikiwa kisandukuni. Mkubwa akafika getini, akaandika "nipo" juu ya ile ile. Papo hapo ofisi ikampigia: mashine imeganda, njoo upesi! Akatazama kisanduku, akakuta "nipo". Akajua mdogo wake bado yuko kwa mgonjwa, akageuza gari. Kumbe amesoma neno lake mwenyewe! Na mdogo, simu ilipolia, alitoka mara moja kwa mlango wa nyuma ili wasionane uso kwa uso.

Nilimkuta kaka yangu sakafuni, ameshapoa. Nikalia mpaka sauti ikakauka. Niliwatukana wote wawili, kisha nikawakumbatia. Ningefanyaje? Ni wanangu.

Jirani aliniambia alimsikia mgonjwa akiita, ila hakushtuka, kwa kuwa alikuwa amemwona mkubwa getini. Kaka yangu alimwita mtoto mmoja tu kwa jina, tena na tena.

Kila mmoja amenijia kwa wakati wake, macho mekundu, kuniuliza aliyeitwa ni nani. Nikamjibu kila mmoja: njooni pamoja, mkae hapa mbele yangu, nitawaambia.

Hadi leo hawajaja.