Tarsis Aliyebaki Mlimani

Tarsis alishinda mbio za baiskeli kutoka Makambako hadi Njombe, lakini mwenyewe hakuwamo. Uliofika ni mwili. Ulikata utepe saa nne asubuhi, ukapewa soda, ukanywa. Tarsis aliingia saa kumi na moja jioni, amepakiwa na rafiki yake Hilari kwenye baiskeli ya ulanzi, akaukuta mwili wake umekaa kwenye benchi la uwanja na fulana iliyoandikwa AFYA KWANZA.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, na kila mwenye mtaji kidogo alifungua lake. Mustapha, aliyekuja Makambako kuuza mitumba, alifungua duka la dawa baridi karibu na stesheni ya reli. Ili lijulikane, akadhamini mbio. Waliojiandikisha wengi walikuwa wabeba ulanzi, ile pombe ya mianzi, vijana waliozoea kupanda milima na madumu nyuma. Sharti lilikuwa moja tu: aliyekunywa hakimbii. Pale pa kuanzia, Esha, mke wa Mustapha, alimpitia kila mtu na pua yake.

"Pumua," alimwambia Hilari.

Hilari akapumua.

"Toka."

"Dada Esha, kikombe kimoja! Nimepita kwa mama mkwe, ningekataaje?"

"Mashindano ya dawa hayataki uchafu," alisema Mustapha. Kisha akawapitia waliobaki na kopo lisilo na karatasi, akampa kila mmoja vidonge viwili vyeupe. Alisema ni vitamini. Vidonge havinuki, kwa hiyo Esha hakuwa na neno.

Wengine viliwaharisha. Mmoja, Linus, alipitiliza Njombe, akaenda hadi Songea, akarudi wiki iliyofuata. Tarsis vilimkubali. Kwenye mlima wa kwanza miguu yake ilianza kwenda kasi kuliko yeye. Akaona mgongo wake ukitangulia, akaona pia kwamba kaptula imechanika nyuma, akasikitika kwamba hakuishona. Akakaa kando ya barabara.

Hilari alimkuta hapo.

"Kamwene, Tarsis. Mbona umekaa?"

"Kamwene. Nimeachwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Hilari akatazama barabara, akatikisa kichwa. "Panda."

Tarsis hakuwa na uzito. Hilari alisema dumu tupu lilikuwa zito kuliko yeye. Walichelewa kwa sababu Hilari, akiwa ameshafukuzwa kwa ulevi, hakuona sababu ya kupita kilabu bila kuingia.

Uwanjani Tarsis aliuvaa mwili wake kama mtu anayevaa koti lililolowa. Hilari akalalamika kwa Mustapha kwamba mshindi ndiyo kwanza anafika.

"Nani ananuka pombe hapa?" Mustapha aliuliza.

Watu wote wakamtazama Hilari. Malalamiko yakaishia hapo.

Zawadi ilikuwa sukari na sweta. Mwaka uliofuata ilitangazwa baiskeli mpya. Letisia, mke wa Tarsis, alikuwa na mimba ya mtoto wa pili.

"Baba Oktavia, safari hii usiende."

"Hii yetu imechomelewa mpaka haina mahali pa kuchomelea."

"Na hiyo mpya ataiendesha nani?"

"Mimi."

"Yupi?"

Tarsis akatoka kujaza upepo magurudumu. Asubuhi alikwenda, akapumua mbele ya Esha, akameza.

Safari hii mwili ulimwacha kabla hawajaumaliza mji. Yeye na Hilari walipofika Njombe, benchi lilikuwa tupu. Esha alikuwa amesimama peke yake, ameishika baiskeli mpya.

"Mustapha ameupeleka Iringa kwa pikapu," alisema. "Kuna mashindano makubwa. Mwili umeweka dole gumba kwenye mkataba."

"Mwenyewe ameulizwa?" Hilari aliuliza.

"Hakuwepo."

Walirudi kijijini kwao Kitandililo na baiskeli mpya. Letisia alifungua mlango, akamtazama mumewe, akasogeza kigoda. Hakulia. Alimwekea sahani, na ugali ukapoa bila kuguswa. Jioni Tarsis alisimulia habari za kaptula, na Oktavia akacheka mpaka akakwama pumzi. Mtoto alipozaliwa, Tarsis ndiye aliyemchagulia jina, Brayson. Kumbeba hakuweza.

Mvua zilipokaribia, Letisia alikwenda dukani kuuomba mwili, japo wa msimu wa kulima.

"Ratiba imejaa, shemeji," Mustapha alisema kwa upole. "Jumapili tuko Mbeya. Labda Pasaka." Akampa dawa ya kikohozi ya mtoto, akakataa malipo. Alikuwa mtu mkarimu. Mwaka ule alifungua duka la pili, Njombe mjini, na juu ya mlango akabandika picha ya mwili wa Tarsis ukikata utepe. Mbio ziliendelea, na Esha aliendelea kunusa.

Hilari huja kila Jumamosi kumsaidia Letisia kupasua kuni na kumpakia Tarsis hadi kilabuni, ambako watu humpenda kwa hadithi zake. Letisia husema amebakiwa na kipande kizuri.

Kilichowatoka ni hiki: mikono miwili ya kulimia, mgongo mmoja wa kubebea dumu, miguu ya kuendeshea baiskeli mpya, ambayo mpaka leo imeegemea ukutani, bega la Brayson kulalia, na joto la upande mmoja wa kitanda, kule Kitandililo, ambako Julai nyasi huamka nyeupe kwa baridi.