Arobaini ya Mwatum Lisboni

Lisboni ni pazuri, nisiseme uongo. Nilikwenda nimenuna, nimerudi kwangu Makorora nausifu mji wa watu, na mwenye kuchukia achukie.

Nilikwenda kumlea mzazi. Binti yangu Tuhfa alijifungua huko Ureno, anakoishi na mumewe Mundhir, Mpemba mmoja mpole anayepika hotelini. Mtoto wa kike, wakampa jina la marehemu mama yangu, Mwatum. Nikaona basi, huyu ni wetu. Nia yangu ilikuwa niwabebe wote wawili tukafanye arobaini Kigombe, kijiji nilikozaliwa, hata ikichelewa kidogo.

Maana kwetu Kigombe, siku ya arobaini bibi mzaa mama ndiye anayemtoa mtoto nje. Unampakata, unamwonyesha: kile kisima, ule msikiti, kule wamelala babu zako. Mwisho kabisa unamwambia sikioni, "Hapa ndipo kwenu." Ukishamwambia umemwambia, hapawi tena pengine. Mimi niliambiwa hivyo, na Tuhfa naye mama yangu alimwambia.

Tuhfa akaikataa safari. "Mtoe hapahapa, mama."

"Nimwonyeshe nini hapa, baridi?"

Siku ilipofika akanivisha koti la Mundhir, akanikabidhi mtoto, tukatoka. Moyoni nilishakata shauri: kumwonyesha nitamwonyesha, lakini yale maneno siyasemi ng'o.

Tulianzia mtaa wao, Alfama. Vichochoro vyembamba, ngazi juu ya ngazi, nguo zimeanikwa madirishani kama Makorora tu. Kuta zimevishwa vigae vya buluu na vyeupe, kila nyumba na nakshi yake, nikajikuta navipapasa kama mtu anayechagua kanga. Tukapanda tramu ya njano, kigari cha mbao kinachokwea kilima huku kikilalamika, tukashukia karibu na ngome yao kongwe. Kule juu mji mzima unauona, mapaa mekundu mpaka mtoni. "Mwatum, tazama," nikamwambia, na mwenyewe kalala fofofo.

Tukateremka Chiado, mtaa wa maduka na mikahawa. Watu wa kule wanajua kuvaa, jamani. Bibi wa rika langu alipita na skafu ya hariri, viatu vinang'aa, kumbe anakwenda kunywa kahawa tu. Nikalitazama koti langu la kuazima nikaona haya. Chini zaidi kuna uwanja mpana, majumba ya njano pande tatu, upande wa nne maji matupu. Hapo hata mimi niliisahau baridi.

Belem, mtaa wa mbali kando ya mto, ndiko nilikofura kidogo. Kuna nyumba kubwa ya watawa, na ndani yake kaburi la Vasko da Gama. "Huyu tunajuana naye tangu zamani," nikamwambia mjukuu wangu. "Mtazame tu, usimsalimie." Lakini yale mawe yalivyochongwa! Nimekulia kwenye milango ya nakshi, na sijaona mkono kama ule.

Tulirudi Alfama miguu inawaka moto. Mbele ya nyumba yao kuna kiuwanja, na bomba la maji la zamani ukutani. Tuhfa akasimama hapo.

"Tumemaliza, mama. Hujamwambia."

"Nitamwambia Kigombe."

"Mimi niliambiwa Kigombe," akasema. "Miaka yote hii naishi hapa, najuana na kila jirani, na bado kila nikiamka natafuta kile kisima. Unataka na huyu awe hivyo?" Akalia palepale, watu wanapita.

Nilikasirika, na kilichonikasirisha ni kwamba alisema kweli. Nikamtazama Mwatum. Alikuwa ameamka, macho kayakaza kwenye vigae. Nikaweka mdomo sikioni mwake, nikamwambia, "Hapa ndipo kwenu." Iliniuma, siwafichi. Niliona namtoa Kigombe kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikampa Tuhfa mwanawe, wakatangulia ndani. Mlango ule tangu nifike nilikuwa naingia na kutoka nipendavyo, mama kwa mwanawe. Safari hii nilisimama kizingitini nikapiga hodi.

Tuhfa akageuka.

"Karibu, mama," akasema.