Kitabu Kilichoshukia Kwenye Maharage

Jumanne saa nne asubuhi mshonaji alivua subana kidoleni, akafunika cherehani yake kwa kitambaa, akaenda maktaba kutafuta kitabu kwenye intaneti. Tangu azaliwe hakuwahi kuigusa kompyuta. Pampu ya kisima cha mtaa wao ilikuwa imekata roho wiki mbili zilizopita, na aliyeijua ni mumewe, fundi pampu, ambaye alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Idara ya maji ilisema itakuja. Kisha ikasema tena.

Mkutubi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimketisha mbele ya kompyuta.

"Andika unachotaka, mama."

Akaandika kwa kidole kimoja: pampu. Zikaja pampu za baiskeli, pampu za kukamulia maziwa ya mama, na mwanamume mmoja aitwaye Pampu akiimba huku amevua shati.

"Huyu naye nimemwomba nini?"

"Hajui unataka ipi. Mweleze kama unavyomwagiza mtu sokoni: pampu ya mkono, ya kisima, kuitengeneza, kwa anayeanza. Halafu usibofye kila kinachometameta. Tazama kwanza nani kaandika, lini, na nani kakiweka."

Mshonaji aliandika hivyo, akafuta, akaandika tena. Cha nne kwenye orodha kilikuwa kitabu cha bure cha kutengeneza pampu za mkono, kilichoandikwa na mhandisi mkuu wa idara ya maji na kuwekwa na idara yenyewe. Mkutubi akasema hicho hakina matata. Mshonaji akabofya "pakua". Hakikutokea kitu. Mkutubi alikitafuta kila mahali ndani ya kompyuta, asikione.

"Umeacha kitu motoni nyumbani?"

"Maharage."

"Basi kimeshukia huko. Kwa wanaoanza hutokea. Wahi ukakipakue kabla hakijashika chini."

Alikikuta ndani ya sufuria, kurasa arobaini na nane, za moto, wino haujavuja. Akazipakua kwa upawa moja moja na kuzianika kwenye kamba. Wifi yake, dada wa marehemu, alichungulia na kuuliza kama maharage yenyewe yamebaki.

Walisoma pamoja. Ukurasa wa tisa ulisema: usikaze nati kwa hasira, kaza kwa adabu. Mshonaji aliusoma mara tatu. Maneno hayo aliyasikia miaka ishirini, tena mezani, tena kwa mdomo uliojaa chakula. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na mchoro wa mkono ulioshika bomba, kidole cha mwisho kimepinda kwa nje. Wifi akaushika mkono wa mshonaji, akaulaza kando ya mchoro.

"Kidole chako hiki."

"Mhandisi amekionea wapi?"

"Hajakiona. Kaka ndiye alikiona."

Ndipo mshonaji akakumbuka daftari mbili ambazo mumewe alizipeleka ofisi ya idara ya maji, mwaka ule kabla ya kuugua, zikachapwe. Alikuwa amevaa shati la harusi. Daftari hazikurudi, naye hakuziulizia. Alidhani ndivyo ofisi zilivyo.

Siku ya tatu alikata ngozi ya mkoba wake wa zamani kwa kipimo cha ukurasa wa kumi na nne, akaishona iwe kizibo kipya cha pampu, akafungua pampu akiwa na wifi na spana ya marehemu. Alasiri maji yalitoka. Watu wakateka, wakaenda zao.

Kesho yake alikwenda kwa mhandisi mkuu na ule mchoro.

"Shemeji! Karibu, kaa. Marehemu alikuwa mtu wetu kabisa."

"Jina lake liko wapi humu?"

Mhandisi alitazama mchoro, akatazama kidole. "Kweli vinafanana," alisema kwa upole. "Lakini shemeji, kitu kikishaingia kwenye intaneti kimeingia. Kuna fomu ya masahihisho. Jaza hiyo."

Mkutubi alimsaidia kuijaza. Jibu lilikuja Jumatatu mchana, limejikunja kwenye mvuke wa uji: ombi lako limepelekwa kwa mwandishi ili aliidhinishe.

"Mwandishi yupi?" mshonaji aliuliza. "Wangu amekufa."

"Wa kwao," alisema wifi.

"Yaani aliyechukua ndiye aulizwe kama alichukua?"

Wifi alilisoma tena jibu, akaligeuza, akatazama nyuma. Hakukuwa na kitu nyuma. Baada ya siku kumi likaja la pili: mwandishi hajaidhinisha, asante kwa kutusaidia kuboresha huduma zetu. Mshonaji alikaa nalo jikoni mpaka likapoa, asijue aliweke wapi.

Habari za pampu zilienea, na watu wa mitaa mingine wakaanza kukitaka kitabu. Mshonaji alikwenda maktaba, akabofya, akarudi kupakua. Mkono ulishazoea. Siku moja alikuja mwashi mwanamke ambaye mtaa wake ulikuwa na mwezi mzima bila maji. Mshonaji alimfutia mchuzi kwenye jalada, akamkabidhi.

"Ameandika mume wangu," alisema.

Mwashi alisoma jalada, akamtazama, akasoma tena. Akadhani anajivunia.

"Kumbe wewe ndiye mke wa mhandisi mkuu! Mshukuru sana, mama. Mwambie Mungu amzidishie umri."

Akakikumbatia kitabu kifuani, kikiwa bado cha moto, akaondoka haraka kabla jua halijawa kali.