Maumivu Yaliyopanda Kiunoni

Maumivu yalipomshika kiunoni na kumteremkia mguuni hadi kisiginoni kama waya wa moto, fundi magodoro alijitengenezea kitanda cha kifalme: godoro la sufi juu ya godoro la sponji. Akajilaza, akagoma kuamka.

"Shemeji, umekuwa mteja wako mwenyewe!" mdogo wa mkewe akamtania. "Na bado unalalamikia bidhaa."

Hospitalini daktari alimweleza kwamba diski kati ya pingili za mgongo ilikuwa imebana mzizi wa neva inayoshuka mguuni. Wengi hupona bila kupasuliwa. Waanze na dawa, kutembea na mazoezi. Ikishindikana, sindano karibu na ule mzizi. Kisu kiwe cha mwisho. Ila mguu ukiishiwa nguvu, au mkojo ukigoma au kumtoka bila yeye kujua, aje mbio.

Fundi alisikia neno moja tu: kisu. Akipasuliwa mgongo, magodoro atayashonaje?

Basi akashika mazoezi aliyofundishwa na binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini. Alilala kifudifudi mkekani, akasukuma kifua juu kwa mikono, kiuno kikibaki chini. Mpaka asubuhi moja kiuno kikawaka kuliko siku zote. Akakunja mkeka.

"Yamezidi," alimwambia mkewe. "Sasa ni kisu."

"Twende kwa yule binti akwambie yeye."

"Siendi."

"Baba watoto, utakwenda, hata kama ni kukubeba mgongoni. Angalau mmoja wetu anao mzima."

Binti wa mazoezi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kiuno kinauma. Na mguu je, baba?"

Fundi akajipapasa kisigino, kigimbi, paja, kama anayetafuta ufunguo.

"Mguu... tangu jana hauniumi."

"Una ganzi?"

"Hapana."

Akamsimamisha kwa vidole, kisha kwa visigino. Nguvu zilikuwepo. Binti akatabasamu.

"Maumivu yakihama mguuni yakapanda kiunoni, mara nyingi ni dalili nzuri. Siwezi kukuahidi, lakini usiache mazoezi."

"Na kisu?"

"Kwa sasa hakina kazi."

Nje, mkewe alitaka kutafuta gari. Fundi akasema watembee. Kwenye kona akasimama ghafla.

"Nini tena?" mke akashtuka.

"Nawaza meza. Nitashonea mezani, nisiiname sakafuni."

"Miaka yote hiyo hukuwaza hilo?"

Fundi akacheka. Kiuno kikamuuma, naye akazidi kucheka.