Mkanda wa Tsongo

Wataalamu walipoleta ile mikanda ya kifuani kwenye kambi ya jeshi ya Bwera, magharibi mwa Uganda, mwaka 2018, walitamba kwamba sasa afande atakaa kambini na kusoma mapigo ya moyo ya kila askari aliye vitani. Hawakumuuliza mtu wa milimani anajipaka nini kabla ya kupanda kwenye baridi. Tsongo, kama alivyolelewa kwao Karambi, alijisiriba mafuta ya mgando kifua kizima, kisha akajifunga mkanda juu yake.

Sasa alikuwa amelala kwenye shamba la kahawa, risasi pajani, na Koplo Kabugho, tabibu wa kikosi, alikuwa ameikaza bandeji kwa nguvu zake zote. Waasi walishakimbia. Barabara ilikuwa pale chini tu. Kilichotakiwa ni gari, tena haraka, kabla damu haijamwishia.

"Tsongo amekufa," redio ilikoroma. Alikuwa Afande Musitafa, kule kambini. "Mashine inaonyesha moyo imesimama. Wacha maiti, rudini. Gari haitoki kwa sababu ya maiti."

Kabugho aliweka vidole shingoni mwa Tsongo. Mapigo yalikuwepo, dhaifu lakini yapo.

"Afande, huyu mutu iko muzima. Mimi namushika hapa."

"Mashine haidanganyi. Hiyo ni amri!"

Hasira zilimpanda Kabugho hadi masikio yakawaka moto. Maiti! Mtu huyu asubuhi alimnyang'anya chapati huku akicheka. Alifungua shati la Tsongo ili aukaze ule mkanda, vidole vikateleza. Mafuta! Mkanda wote umelowa mafuta, utasikia nini? Akatukana kwa Lhukonzo, lugha ya milimani kwao, akauvua mkanda ule, akakisugua kile kifua kwa mkono wa shati lake mpaka kikakauka. Kisha akavua mkanda wake mwenyewe, ambao kule kambini ulijulikana kwa jina la Kabugho, akamfunga Tsongo.

Haukupita muda, redio ikalipuka. "Kabugho! Moyo yako inaenda vibaya! Umepigwa? Kaa hapo hapo, gari inakuja!"

Alingoja mpaka aliposikia, kwenye redio hiyo hiyo, injini ikiwashwa na dereva akifokewa aondoke. Ndipo akabonyeza kitufe.

"Mimi niko muzima, afande. Hiyo moyo unaona ni ya ule maiti yako. Kama ni kufungwa, nitafungwa. Lakini hiyo gari isirudi."